Mbwa wa nyumbani anavyofundishwa michezo: kuanzia kukaa hadi kujifanya amekufa

Katika nyumba nyingi za Nairobi, Arusha, Mwanza au Kampala, mbwa ana kazi moja tu: kulinda. Hufunguliwa usiku geti likishafungwa, hurudishwa bandani kabla watoto hawajaenda shule, na mchana kutwa hakuna anayemgusa. Mbwa wa namna hiyo anaweza kuishi miaka kumi bila kufundishwa na binadamu jambo lolote, isipokuwa kwamba fimbo inauma.

Ndiyo maana kumfundisha mbwa kutoa mkono, kuzunguka au kujifanya amekufa huonekana kwa wengi kuwa anasa ya watu wasio na kazi. Lakini tazama kinachotokea siku mbwa huyo anapohitaji kushikwa. Aliyezoea kutoa mkono kwa hiari hukatwa kucha bila kufungwa mdomo. Aliyezoea kukaa tuli huchomwa sindano ya chanjo na daktari mmoja, wakati jirani yake asiyefundishwa anahitaji wanaume wanne na kamba. Na yule anayekuja mbio akiitwa ana nafasi nzuri zaidi ya kuepuka kugongwa na bodaboda geti likiachwa wazi.

Makala haya yanaeleza jinsi mbwa anavyojifunza, michezo ya kuanzia, na mahali ambapo mafunzo mengi huharibika.

Elimu iliyoanzia maabara

Mwaka 1898 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kuwafungia paka ndani ya masanduku yenye kitasa cha kufungulia. Paka alihangaika, akagusa kitasa kwa bahati, akatoka, akala. Kila aliporudishwa ndani alitoka haraka zaidi. Thorndike alihitimisha kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na lisiloleta hufifia. Katika miaka hiyohiyo, Mrusi Ivan Pavlov alikuwa akionyesha kwamba mbwa huanza kutokwa na mate kwa ishara tu, kama ishara hiyo imezoeleka kutangulia chakula.

Mambo hayo mawili yakiunganishwa, unapata karibu kila kitu kinachohitajika kumfundisha mbwa.

Aliyeyaunganisha kwa vitendo ni B. F. Skinner pamoja na wanafunzi wake Keller na Marian Breland, ambao katika miaka ya 1940 walianza kufundisha kuku, nguruwe na mbuzi kwa ajili ya maonyesho. Shida yao ilikuwa muda. Mnyama anapofanya jambo sahihi akiwa hatua tano kutoka kwako, chakula hufika akiwa tayari anafanya jambo jingine, kwa hiyo hajui ni lipi limelipwa. Suluhisho lao lilikuwa sauti fupi, isiyobadilika, inayolia papo hapo na kumwambia mnyama: hilo hilo, chakula kinakuja. Baadaye Karen Pryor, aliyekuwa akifundisha pomboo huko Hawaii katika miaka ya 1960, aliieneza njia hiyo kwa watu wenye mbwa, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1984.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda Hawaii kuona njia hii ikifanya kazi. Mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya husikia mlio mfupi anapopatia harufu, kisha hupewa tuzo ya chakula kama vile ndizi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, na alikufa Januari 2022. Kama panya anaweza kufundishwa hivyo kwa ndizi, mbwa wako hana kisingizio. Wala wewe huna.

Mlio, tuzo na wakati

Madukani huuzwa kidude cha plastiki kinacholia "tik" kikibonyezwa. Si lazima kukinunua. Kalamu ya kubonyeza inatosha, kadhalika kifuniko cha chupa ya jemu kile kinacholia katikati, au neno moja fupi ambalo hulitumii katika mazungumzo ya kawaida. Wengine hutumia "safi!". Ubaya wa neno ni kwamba hubadilika na hali ya msemaji: ukiwa umechoka "safi" yako husikika kama lawama. Kalamu haichoki.

Siku ya kwanza usimfundishe mchezo wowote. Liza mlio, mpe kipande cha chakula. Rudia mara kumi na tano au ishirini, ukipumzika kidogo katikati. Mbwa akianza kugeuka na kukutazama kila anaposikia mlio, ameelewa, na tangu hapo mlio ni ahadi. Ukilia, chakula kitoke, hata kama umeuliza kwa makosa.

Tuzo iwe ndogo, ukubwa wa punje ya hindi, na iwe kitu ambacho mbwa hakipati kwenye bakuli lake. Kwa wengi wetu hiyo ni rahisi: maini yaliyochemshwa na kukatwakatwa, yai la kuchemsha, vipande vya kuku visivyo na mfupa, au dagaa wakavu wasio na chumvi. Ugali mkavu hufanya kazi kwa mbwa mwenye njaa, lakini hautashindana na paka anayepita ukutani. Usimpe chokoleti, vitunguu, zabibu, wala pipi na bazoka zisizo na sukari, kwa sababu vinaweza kumdhuru vibaya, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuchoma utumbo.

Fundisha kabla ya mlo, asubuhi mapema au jioni jua likipungua, mahali pasipo na kelele. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa kikao kimoja. Anayefundisha nusu saa mfululizo hufundisha kuchoka.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba neno la amri huja mwisho. Ukimwambia "kaa! kaa! kaa!" mbwa asiyejua maana yake, unamfundisha kwamba "kaa" ni kelele unazopiga akiwa amesimama. Kwanza tendo lipatikane kwa uhakika, ndipo lipewe jina.

Jina lenyewe lichaguliwe kwa sikio la mbwa. Yeye hajali kama ni Kiswahili, Kikikuyu au Kiingereza. Anachosikia ni sauti. "Njoo" na "ngoja" zinaanza kwa namna inayokaribiana, hivyo ni afadhali kutumia "njoo" na "subiri". "Kaa" italeta vurugu katika nyumba ambayo kila mtu anamwita mtoto wa kwanza "Kaka". Na familia ikubaliane: baba akisema "lala", mama "chini" na mtoto akitumia neno la Kiingereza, mbwa atasubiri mwenyewe kwa mwenyewe mpaka mkutano wenu uishe. Ishara za mkono huwasaidia sana, maana mbwa ni hodari wa kutusoma mwili kuliko maneno.

Kukaa, kisha kutoa mkono

Karibu kila mchezo huanza na kukaa. Shika kipande cha chakula mbele ya pua ya mbwa, kisha kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa chake. Pua ikiinuka, makalio hushuka. Yanapogusa ardhi, liza mlio, mpe. Baada ya mara tano au sita, fanya mwendo uleule kwa mkono mtupu, na tuzo itoke mkono wa pili. Hatua hii isirukwe: mbwa aliyezoeshwa kufuata chakula kinachoonekana hujifunza kukagua mkono kwanza na kutii baadaye. Usimkandamize mgongo ili akae. Wengi husukuma kwenda juu wanaposukumwa kwenda chini, na makalio ya mtoto wa mbwa ni mepesi kuumia.

Kutoa mkono ndio mchezo ninaoupendekeza kwa kila mwenye mbwa, hata yule asiyetaka mwingine wowote. Mbwa akiwa amekaa, fumba chakula ndani ya ngumi na uiweke chini, karibu na kifua chake. Atanusa, atalamba, pengine atasukuma kwa pua. Nyamaza. Mwishowe wengi hukwaruza kwa mguu wa mbele. Mguu ukigusa ngumi tu, mlio, na ngumi ifunguke. Akishazoea, badala ya ngumi mwonyeshe kiganja kilicho wazi na kitupu. Kisha sema "mkono" nusu sekunde kabla ya kunyoosha kiganja.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo faida inapoanza. Sasa ushike mguu huo kwa sekunde moja kabla ya mlio. Kesho, sekunde mbili. Halafu uguse kidole kimoja kimoja, utenganishe vidole kutafuta kupe na miiba, uguse ukucha kwa chuma cha mkasi bila kukata. Kila hatua inalipwa. Ndani ya wiki chache una mbwa anayekuletea mguu wake ukaguliwe. Njia hiyohiyo hutumika kwa masikio, kwa mdomo, na kwa ngozi ya shingo ambapo sindano ya chanjo huchomwa. Daktari wa mifugo atakushukuru hata asiposema.

Michezo ya kuchekesha

Kuzunguka ni rahisi: chambo kwenye pua, kiongoze kwa duara pana, mlio anapomaliza mzunguko. Mwanzo lipa hata robo ya duara. Mfundishe kulia na kushoto kwa maneno tofauti.

Kupita katikati ya miguu yako unapotembea huvutia watazamaji, nao ni mwendelezo wa jambo hilohilo. Hatua moja, chambo kinapita chini ya goti, mlio. Hatua ya pili, upande wa pili. Mbwa mkubwa na mtu mfupi wausamehe mchezo huu.

Kujifanya amekufa ndiko kunakoombwa zaidi na watoto. Mbwa lazima kwanza ajue kulala: kutoka kwenye kukaa, shusha chambo moja kwa moja hadi ardhini katikati ya miguu yake ya mbele, kisha kivute kidogo kuelekea kwako. Akiwa amelala, tazama ameegemea paja lipi. Peleka chambo kutoka puani kuelekea bega la upande wa pili, na mwili utapinduka ubavuni wenyewe. Lipa hapo. Baadaye lipa pale tu kichwa kinapogusa ardhi, kisha kichwa kinapotulia sekunde moja, mbili, tatu. Mwisho kabisa ongeza ishara ya kidole na neno "pa!". Mkia wa marehemu kwa kawaida huendelea kutikisika. Uache. Ndio sehemu inayochekesha zaidi, na ukijaribu kuusahihisha utaharibu furaha yake na ya watazamaji.

Mchezo wowote ukikwama, chanzo huwa kimoja kati ya viwili: umepandisha ngazi upesi mno, au mlio umechelewa. Mbwa akikosea mara mbili mfululizo, rudi hatua moja nyuma, mpe ushindi rahisi, na uishie hapo kwa siku hiyo.

Kuna michezo ambayo ni afadhali iachwe. Kusimama na kutembea kwa miguu miwili ya nyuma kwa muda mrefu hubebesha mgongo na nyonga mzigo usiozifaa. Kuruka juu hakufai kwa mbwa ambaye mifupa yake bado inakua, na kwa aina kubwa hiyo huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Fimbo inafundisha nini?

Mafunzo ya kulazimisha yana historia ndefu. Kitabu cha Mjerumani Konrad Most cha mwaka 1910, kilichotokana na mafunzo ya mbwa wa polisi, kilitegemea sana kuvuta kamba na kuadhibu, na athari zake zilienea katika majeshi na polisi wa nchi nyingi. Hakuna anayekana kwamba adhabu inaweza kumfanya mbwa atii. Hoja ni nini kingine anachojifunza pamoja na utii huo.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha majibu ya wenye mbwa 364. Waliotumia tuzo walikuwa na mbwa watiifu zaidi, na walioadhibu zaidi waliripoti matatizo mengi zaidi ya tabia. Utafiti wa aina hiyo hauwezi peke yake kusema kipi kilimzaa mwenzake, maana huenda mbwa msumbufu ndiye anayevuta adhabu. Lakini mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Ana Catarina Vieira de Castro wa Ureno waliwapima mbwa 92 waliokuwa wakifundishwa katika shule za mitindo tofauti. Wale wa shule zenye adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya kortisoli kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo.

Dalili hizo unaweza kuzisoma bila maabara. Mbwa anayepiga miayo katikati ya somo hana usingizi. Anayelamba pua mara kwa mara, anayegeuza uso, anayelaza masikio na kuficha mkia, anakuomba nafasi. Akinguruma, simama. Wengi humpiga mbwa kwa kunguruma, na matokeo yake ni mbwa anayeuma bila kuonya.

Je, hatakuwa mpole kwa mwizi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi katika ukanda wetu, na ni swali la haki kwa mtu ambaye mbwa ndiye askari wake. Mbwa hubweka kwa sababu ya eneo lake na mgeni asiyemjua. Kutoa mkono kwa mwenye nyumba hakufuti hilo. Hata mbwa wa kazi hufundishwa kwa tuzo: wale wa mpango wa African Wildlife Foundation, wanaofunzwa Usa River mkoani Arusha kunusa pembe za ndovu na bidhaa nyingine za wanyamapori bandarini na viwanja vya ndege, hutafuta kwa bidii kwa sababu wakipata kuna mchezo.

Wasiwasi ulio na uzito zaidi ni chakula chenye sumu kinachorushwa juu ya ukuta. Mchezo wa "acha" unasaidia kiasi. Fumba chakula ngumini, mwache ahangaike, na pua ikiondoka tu, mlio, mpe chakula kutoka mkono wa pili. Polepole fungua ngumi, halafu weka chakula sakafuni chini ya kiganja, halafu wazi. Mbwa hujifunza kusubiri ruhusa. Hata hivyo, usiku wa manane, peke yake, mbele ya nyama, ni wachache wanaokumbuka somo. Mchezo huu ni kinga ndogo, na asikudanganye mtu kwamba ni zaidi ya hapo.

Kwa familia za Kiislamu zinazofuga mbwa wa ulinzi, hasa za mwambao ambako mate ya mbwa huhesabiwa kuwa najisi, mafunzo haya hayahitaji mkono wala ulimi kukutana. Mlio hufanya kazi kutoka mbali, na tuzo hurushwa chini. Kukaa, kulala, kuzunguka na kuja akiitwa vyote hufundishika bila kumgusa.

Watoto na mbwa

Watoto hupenda kufundisha, na mbwa huwapenda wanaobeba maini. Mtu mzima awepo kila wakati. Mtoto atoe tuzo kwenye kiganja kilicho bapa au aiweke chini, asimkumbatie mbwa shingoni, na asimsogelee akiwa anakula au amelala.

Tahadhari hiyo ina sababu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa achanjwe kabla ya masomo yoyote na watoto. Mtu yeyote akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na anaonekana mzima.

Mbwa anaweza kujifunza mangapi?

Chaser, mbwa aina ya kolli huko South Carolina, Marekani, alifundishwa na profesa mstaafu John Pilley majina ya wanasesere na mipira 1,022, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011. Ilichukua miaka mitatu ya saa kadhaa kila siku. Mbwa wa mtaani aliyeokotwa Kariakoo hahitaji hata kumi. Umri si kizuizi: mtoto wa mbwa wa wiki nane anaweza kuanza na kukaa, na mzee wa miaka tisa bado hujifunza, mradi viungo haviumi.

Mbwa akishaujua mchezo jikoni, usishangae akiusahau getini. Kwake mahali papya ni somo jipya, hivyo urudie hatua za mwanzo haraka haraka uani, barabarani, na mbele ya wageni. Baadaye punguza tuzo: lipa mara ya kwanza, ruka ya pili, lipa ya tatu, ruka mbili. Asiyejua ni lini atalipwa huendelea kujaribu. Kama wiki zimepita bila mazoezi, dakika mbili na vipande vichache vya maini kwa kawaida hurudisha kila kitu.